Fulana Yenye Majina Matatu

*Mshauri, mimi ni kijana wa Bugarama, mwenye miaka 24. Miezi minne iliyopita niliajiriwa na kampuni ya matangazo mjini Kahama. Tunazunguka minadani na gari la muziki, tukinadi sabuni na kusajili laini za simu. Tulianza tisa, sita wameshaondoka, na wageni huingia kila mwezi. Meneja husema vijana hatuna uvumilivu. Baba, aliyepunguzwa kazi mgodini Bulyanhulu mwaka 2017, amenikataza kuacha. Fulana niliyokabidhiwa ina majina matatu ukosini, yote yamekatwa kwa kalamu. Niondoke au nisubiri? — Mwenye Mashaka.*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na katika yote uliyoyaeleza hakuna lililonikaa moyoni kuliko fulana hiyo, kwa kuwa majina yale, hata yakikatwa, ni ya watu walioamka alfajiri kama uamkavyo wewe.

Kauli ya meneja wako siiafiki. Kazi ya matangazo aghalabu hutegemea mkataba wa mteja, na mteja akishamaliza kunadi bidhaa yake fedha hukatika, kwa hiyo watu kupungua kwa sababu hiyo si dhuluma, madhali waliarifiwa mapema. Walakini watu sita kati ya tisa kuondoka ndani ya miezi minne, na nafasi zao zikajazwa papo hapo, ni dalili dhahiri kwamba kazi ipo na ijara ipo, ila kuna jambo lisilowaacha watu wadumu.

Basi watafute hao sita, hata wawili watatosha, uwaulize: mliacha au mliachishwa, na ilikuwa mwezi wa ngapi? Nakutuma hivyo kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humkinga mfanyakazi asiachishwe isivyo haki, lakini kinga hiyo haimfikii aliyemtumikia mwajiri mmoja chini ya miezi 6, na mwajiri asiye na insafu huweza kumtoa mtu mwezi wa tano, akamwita mwingine, akauanza muhula upya. Wala usihadaiwe kwamba kutia saini karatasi mpya kila miezi mitatu kunakurudisha mwanzo. Mikataba yote ya mwajiri yule yule hujumlishwa.

Baba yako usimlaumu. Aliiona serikali ikizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini, yasisafirishwe nje mwezi Machi 2017, na mwezi Septemba mgodi ukatangaza kupunguza shughuli zake, na mtu aliyepoteza riziki namna hiyo, pasipo kosa lake, hawezi kumsikia mwanawe akitaja kuacha kazi asishtuke. Mweleze kwa taadhima utakayoyapata kwa wenzako, kabla hujaamua.

Wiki hii usiondoke. Omba maelezo ya ajira yako kwa maandishi, maana sheria inamlazimu mwajiri kukupa, kisha uende NSSF uhakikishe kwamba michango yako, ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, inafika kweli; nimewaona wengi waliokatwa kila mwezi na wasikute kitu. Ukibainikiwa kwamba wenzako walitolewa kabla ya mwezi wa sita, basi, kwa rai yangu, hapo si mahali pa kuweka matumaini yako: tafuta kwingine ungali unalipwa, na ukishapata, ikiwa mshahara wako ni wa mwezi, toa notisi ya siku 28 kwa barua, ubaki na nakala, na udai cheti cha utumishi. Wakikunyima haki yako ya fedha, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea madai ya namna hiyo ndani ya siku 60, hivyo usiketi nyumbani ukinung'unika hadi muda ukapita.

Na fulana ile, siku ya kuondoka, irudishe ikiwa imefuliwa, na aliyeipokea akutilie saini, isije ikakatwa katika mshahara wako wa mwisho.