Kuvu za Mizizi: Zijue kwa Makundi Yake

Mkulima, mvua zikikaribia huenda ukafika Nairobi kununua miche katika vitalu vya kando ya Barabara ya Ngong, kati ya Kibera na Kawangware. Kabla ya kutoa fedha zako, yafaa ujue jambo moja: mimea mingine haistawi bila mwenzake aliye udongoni.

Mwenzake huyo ni kuvu, jamaa ya uyoga. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hufika mahali ambapo mizizi haifiki, zikauletea mmea maji na fosfeti. Mmea nao hulipa kwa sukari. Ushirika huu huitwa mikoriza, jina lililotolewa na Mjerumani Albert Bernhard Frank mwaka 1885. Wataalamu wana makundi mengi; wewe shika haya matatu.

Kundi la kwanza: kuvu hufunika mizizi kwa nje. Msonobari na mkaratusi wamo humu. Mizizi midogo ya msonobari utaiona imenenepa na kugawanyika kama panda ya manati. Mche usio na kuvu hii hudumaa na kuwa wa manjano, hata ukinyweshwa kila siku, usiununue. Ukiotesha mwenyewe, twaa udongo kidogo chini ya msonobari mkubwa wenye afya, uuchanganye na udongo wa kitalu. Uyoga uotao hapo waweza kuwa tunda la kuvu hiyo. Usile usioujua, maana mwingine huua.

Kundi la pili: kuvu huingia ndani ya mzizi, wala huioni bila darubini. Husaidia mahindi, maharagwe, vitunguu, mihogo na kahawa. Vifundo vya mizizi ya maharagwe si kuvu. Hivyo ni kazi ya bakteria. Zamani kuvu hizi zilihesabiwa pamoja na ukungu wa mkate; mwaka 2001 zilipewa kundi lake zenyewe. Kwa kawaida zimo shambani mwako tayari. Zitunze: usichimbuechimbue udongo bila sababu, usiache shamba tupu muda mrefu, wala usizidishe mbolea ya fosfeti.

Kundi la tatu: mimea isiyoshirikiana na kuvu hizi, kama sukuma wiki na kabichi. Watu wa Kibera hupanda sukuma wiki katika magunia, nayo hustawi kwa samadi na maji tu. Basi, mtu akitaka kukuuzia unga wa kuvu kwa ajili ya sukuma wiki, mwambie hapana. Fedha hiyo nunulia samadi.