MALI YA MUME, MALI YA MKE: NA DENI JE?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Zamani niliitia methali hiyo kwenye insha ili nipate alama tu. Mwaka jana niliielewa.

Mama yangu ana cherehani aliyokuja nayo akiolewa. Huitumia kushona sare za shule katika baraza moja sokoni hapa Adungosi. Siku moja vijana wawili walifika na karatasi. Eti baba alikopa pesa kwa mtu fulani, akaandika kwamba cherehani ndiyo rehani! Mama hakujua lolote. Mzee mmoja aliyekuwa hapo akasema, "Mke aliyetolewa ng'ombe hana chake. Ipakieni." Ikafungwa kwenye pikipiki huku nikitazama.

Je, mzee alisema kweli? Nilimwuliza mwalimu wetu wa Historia, naye akanipa sheria nisome. Niliyojifunza ni haya:

1. Tulikotoka. Kwa miaka mingi Kenya ilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufani ilikataa kuhesabu kazi ya mke nyumbani kama mchango wa kupata mali. Halafu Katiba ya 2010, kifungu cha 45, ikawapa mume na mke haki sawa. Bunge likafuata na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013.

2. Mali. Mali ya ndoa ni nyumba wanamoishi, vyombo vya nyumbani, na mali waliyoipata pamoja wakiwa katika ndoa. Mchango si pesa peke yake. Kulea watoto, kazi za nyumbani na kulima shamba pia ni mchango. Lakini kitu ambacho mtu alikipata kabla ya kuoa au kuolewa kwa kawaida hubaki chake.

3. Kugawana. Msidhani ni nusu kwa nusu tu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema kila mmoja lazima athibitishe mchango wake. Ndiyo maana daftari ni muhimu!

4. Idhini. Mmoja hawezi kuuza mali ya ndoa bila mwenzake kukubali, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila wote wawili kukubali kwa maandishi. Hata ng'ambo ya Malaba, Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inataka idhini ya mwenzi kabla ya ardhi ya familia kuuzwa.

5. Deni. Deni la kabla ya ndoa hubaki la aliyelikopa. Lakini deni lililochukuliwa ndani ya ndoa kwa faida ya familia ni la wote wawili, sawa kwa sawa.

Hapo nilinyamaza kidogo. Jioni nilimwuliza baba pesa zile zilikwenda wapi. Hakujibu. Aliingia ndani akarudi na risiti, akaniwekea mkononi. Ilikuwa ya karo yangu ya muhula wa pili.

Kumbe! Mzee wa sokoni alikosea, kwa sababu cherehani ni ya mama na mtu hawezi kuweka rehani kisicho chake. Lakini mama naye, aliyekuwa akisema "sidaiwi hata senti", hakuwa sawa kabisa. Deni lilikuwa lao wote, na aliyefaidi ni mimi.

Walikwenda kwa chifu pamoja na yule mkopeshaji. Cherehani ilirudi, na deni likalipwa kidogo kidogo mpaka likaisha. Siku hizi kuna daftari nyumbani, lile langu la Hisabati la kidato cha kwanza lililobaki na kurasa safi. Kila anayekopa huandika humo, na mwenzake hutia sahihi. Dawa ya deni ni kulipa, lakini kinga yake ni kuambiana mapema.

ZOEZI
(a) Taja aina mbili za mchango usio wa pesa.
(b) Mume amekopa pesa za kumtibu mtoto. Nani atalipa? Eleza.
(c) Waulize wazazi wako: je, nyumbani kuna daftari?

Mwanachama, Kidato cha Tatu