Mkono Uliopooza: Gemu, Karata na Bao

Ukimkuta babu aliyepata kiharusi ameketi mbele ya televisheni akirusha mpira usioonekana, usimcheke. Yuko kazini.

Misuli ya mkono wake ipo. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayoutuma, nayo hujifunza upya kwa kurudia tendo lilelile mamia ya mara. Mazoezi ya namna hiyo yanachosha hata mtu mzima wa afya. Gemu yenye kamera au rimoti inayofuata mwendo wa mkono humsahaulisha kuhesabu: yeye anafukuzia pointi, mkono unafanya kazi.

Je, lazima mnunue mashine? Daktari Gustavo Saposnik wa Canada na wenzake waliwagawa wagonjwa 141 katika makundi mawili. Kundi moja lilicheza Nintendo Wii, la pili karata, bingo na michezo mingine ya kawaida, vipindi 10 vya saa moja katika wiki mbili, juu ya tiba yao ya kila siku. Majibu yalitoka 2016: makundi yote mawili yalipata nafuu, na gemu haikuzishinda karata. Kwa hiyo msiuze mbuzi.

Bao nalo lina kazi yake. Mtazame mchezaji: anazoa kete shimoni, anazifumba kiganjani, kisha anaziachia moja moja. Huko kuachia ndiko kugumu hasa kwa mkono uliokakamaa, basi anayecheza naye awe na subira, na asimwekee kete. Mkono mzima una tabia ya kudokoa zamu, ukae mapajani. Kama vidole bado havifunguki, aanze kwa kufuta meza kwa kitambaa.

Aketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zikanyage chini. Akiinamisha kiwiliwili ili afikie kete, mkono umekwepa kazi: msogezee ubao. Msimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza, maana bega lililolegea huumia upesi. Bega likiuma au kizunguzungu kikimshika, mpumzisheni. Aliyewahi kupata kifafa amwone daktari kabla ya gemu zenye taa za kumetameta. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye apange mazoezi yaanzie wapi.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukaanguka au maneno yakavurugika, acheni kete zilipo. Hospitali, saa hiyohiyo.