HUKUMU ZA MWENYE KUNUNUA GARI NAYE YU KARIBU KUSTAAFU

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ametuuliza ndugu yetu mmoja wa Mbinga, mwalimu wa skuli ya serikali. Umri wake ni miaka 59, na umebaki mwaka mmoja astaafu kwa lazima. Maisha yake yote hajamiliki chombo ila baiskeli. Sasa amekusudia kununua pikapu ya dizeli, apakie kahawa ya wakulima wa milimani, na samaki na dagaa wa Mbamba Bay, katika barabara ya kilomita 66 iteremkayo hata Ziwa Nyasa. Ameuliza mambo matatu: Je, akope kwa riba? Je, anunue kwa mtu asemaye, "Nakuuzia kama lilivyo, usinirudie"? Na je, atangulize gari au Hija? Na kwa kuwa ndugu zetu wa pwani nao hufikwa na haya wakaribiapo mwisho wa utumishi, tumeona tujibu hapa ili wote wanufaike.

MASALA YA KWANZA: DENI

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba riba ni haramu kwa nassi ya Kurani, katika Suratul Bakara, aya ya 275, wala haihalaliki kwa kuwa mkopaji ni mzee au ni mhitaji wa biashara. Njia iliyo wazi ni murabaha: mwenye mali hulinunua gari kwanza, likawa milki yake na mkononi mwake, kisha akakuuzia kwa faida ijulikanayo na kwa muda ujulikanao. Imamu Shafii ameitaja sura hii katika Kitabu al-Umm, akaijuzisha, kwa sharti kila mmoja abaki na hiari yake mpaka mauzo yafungwe baada ya yule wa kwanza kwisha kununua. Tangu mwaka 2011, ilipofunguliwa Amana Bank, Tanzania ina benki inayouza kwa njia kama hii. Lakini usitosheke na jina. Soma mkataba, uone kama gari lapita katika milki ya muuzaji, na kama bei haiongezeki ukichelewa.

Na hata deni la halali laweza kumwangamiza mtu. Tupige mfano: gari la shilingi 30,000,000, likauzwa kwa 36,000,000, kulipwa kwa miezi 36. Kila mwezi ni 1,000,000. Mwalimu wetu atalipa miezi 12 akiwa na mshahara. Zitabaki 24,000,000, nazo zitamkuta nyumbani na pensheni. Wala asitegemee mafao kwa kusikia. Kanuni iliyoanza Julai 2022 ilifanya mkupuo kuwa asilimia 33 na sehemu kubwa kulipwa mwezi kwa mwezi, na baadaye kanuni ikarekebishwa tena. Basi na aende katika mfuko wake, apewe hesabu yake mwenyewe kwa maandishi, ndipo aahidi. Gari huchakaa, deni halichakai. Na roho ya Muislamu hufungika kwa deni lake.

MASALA YA PILI: AIBU YA KITU KIUZWACHO

Mtume, rehema na amani zimfikie, alipita sokoni akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta umajimaji chini, akamkemea muuzaji kwa kuuficha. Mwenye gari akijua ya kuwa injini yala oili au gia yaruka, ni wajibu aseme, mnunuzi awe Muislamu au asiwe.

Ama neno "kama lilivyo", halimwokoi. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, kama ilivyo katika Minhaj ya Imamu Nawawi, ni kuwa sharti hili humtoa muuzaji katika aibu ya ndani ya mnyama asiyoijua, basi. Mnyama alisamehewa kwa kuwa hali yake hugeuka, na hula akiwa mzima na akiwa mgonjwa. Gari si mnyama. Lakini aibu uliyoonyeshwa kwa macho ukairidhia, huna dai juu yake.

Basi jihifadhi kwa hiari ya siku tatu, uishartishe wakati wa kufunga mauzo. Katika siku hizo mpe fundi aliwashe alfajiri, lingali baridi. Likikataa kushika, au likatoa moshi mweusi mwingi likipanda mlima, ulizia nozeli na pampu. Litie mzigo, uliteremshe kuelekea ziwani kwa gia nzito, ujue breki zake, kwani mteremko ule hausamehe. Na ukiiona aibu ya zamani baada ya kununua, lirudishe upesi. Ukiendelea kulitumia nawe wajua, haki yako imeanguka.

Na anunuaye kwa picha gari lililoko Japani, ajue ya kuwa kauli yenye nguvu kwetu ni kutosihi kuuza kitu maalumu kisichoonekana. Amweke wakili huko, alione na kulinunua kwa niaba yake.

MASALA YA TATU: HIJA

Kwetu Hija yaweza kuahirishwa, lakini kwa mwenye kuazimia kuitenda na asiyeogopa kushindwa. Na kauli sahihi zaidi katika Minhaj ni kuwa hata rasilmali ya biashara hutolewa kwa Hija, baada ya deni na matumizi ya wanaomtegemea. Basi mwenye fedha ya kutosha, naye ana miaka 59 na magoti yanauma, amwogope Mola wake. Akinunua gari kisha akafa hajahiji, Hija ni deni katika urithi wake, hutolewa kabla ya warithi kugawana.

Jawabu yetu kwa mwalimu ni hii: akamilishe hesabu ya mafao; akiweza Hija, aitangulize; kisha anunue gari dogo la fedha taslimu, hata likiwa kuukuu, lililokaguliwa. Na akikopa, asivuke mwezi wa mwisho wa mshahara wake.

Mwenyiezi Mungu atujaalie chumo la halali na mwisho mwema. Wallahu aalam.