Sherehe Iishe Jua Lingalipo: Mbinu za Kukaribishana Eringeti

Eringeti iko kwenye Barabara ya Taifa namba 4, kiasi cha kilomita 60 kaskazini mwa mji wa Beni, karibu na mpaka wa Ituri. Malori ya kakao, mbao na mafuta ya mawese hupita hapo, na abiria wa Komanda na Bunia hushuka kutafuta bugali na sombe ya majani ya muhogo kabla ya kuendelea na safari. Mji wa njiani huishi kwa kulisha watu. Lakini tangu mauaji yalipoanza katika wilaya ya Beni mwezi Oktoba 2014, kula na kunywa pamoja kumekuwa jambo la kupangwa kwa akili. Tarehe 29 Novemba 2015 waasi wa ADF waliingia Eringeti yenyewe, na hata hospitali haikusalimika. Miaka mitatu baadaye ikaja Ebola.

Wako waliokata shauri kwamba dawa ni kila mtu kujifungia kwake: usialike, usialikwe. Sikubaliani nao hata kidogo. Jirani unayekula naye ndiye atakayekupigia simu akisikia risasi upande wa msitu, na ndiye atakayebeba mtoto wako mgongoni siku ya kukimbia. Ukiacha kukaribishana, umeuvunja ulinzi wa kwanza ulio nao. Kinachotakiwa ni kubadili namna.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni saa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, waumini waliokuwa wakikesha katika kanisa Katoliki la Komanda, mji ulio kaskazini mwetu kwenye barabara hiyohiyo, walishambuliwa na ADF, na zaidi ya 40 wakauawa. Mwezi Septemba mwaka huohuo, huko Ntoyo katika wilaya ya Lubero, washambuliaji waliwakuta watu kilioni, usiku, wakimwomboleza marehemu wao. Makumi waliuawa. Mikutano hii miwili haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa ya usiku tu, watu wengi mahali pamoja, na taa au moto unaoonekana kutoka mbali.

Kwa hiyo hamishia mchana kila kitu kinachoweza kuhamishwa. Waalike watu saa tano asubuhi. Chakula kiwe mezani saa sita, zawadi na hotuba ziishe saa nane, na mgeni wa mwisho wa humuhumu mjini awe kwake kabla ya saa kumi na mbili jioni. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, na kutoka kuzama hadi giza totoro ni muda mfupi sana. Mgeni aliyetoka Oicha au Beni asingoje hotuba. Mpe chakula kwanza, mfungie na cha watoto, aondoke mapema alasiri.

Chakula cha saa sita hakianzi kuandaliwa asubuhi hiyohiyo, na hapa ndipo wenyeji wengi hukwama. Makayabu, samaki wa chumvi, yaloweke tangu jana yake, ubadilishe maji mara mbili au tatu, la sivyo chumvi itawashinda wageni. Majani ya muhogo yatwangwe jioni kabla ya giza na yachemshwe vizuri. Alfajiri yanabaki kutiwa mawese, vitunguu na samaki. Maharage nayo yaloweke usiku. Kuni zinunuliwe siku mbili mbele kwa muuzaji unayemfahamu, maana wasichana hawapaswi kutumwa msituni peke yao asubuhi ya sherehe ati kuni zimepungua. Kuku anaweza kuchinjwa asubuhi. Unga wa bugali ndio wa mwisho kabisa, wageni wakishaketi. Ukipanga hivi, mama wa nyumba naye ataketi ale na wenzake, badala ya kubaki jikoni mpaka watu wanaaga.

Kuhusu kilio, najua ninagusa jambo zito. Desturi yetu ni kulala pamoja na wafiwa, kuimba na kuwasha moto mpaka asubuhi. Bado tunaweza kulala na wafiwa bila kukusanyika uani mia nzima. Wagaweni ndugu katika nyumba nne au tano za jirani, nyimbo ziishe jua likishuka, moto uzimwe, na maziko yafanywe mchana. Wazee wa familia ndio waseme neno hilo, mapema, wakiwa wamekubaliana na mchungaji au padri, ili kijana asionekane mwenye dharau kwa kulisema.

Barabara ina habari zake, na habari hizo huoza haraka. Uliza asubuhi ya safari yenyewe. Uliza motari, yaani dereva wa pikipiki, aliyetoka Mayimoya au Luna saa hiyo, dereva wa lori aliyelala Oicha, na askari wa barie. Majibu yao yakigongana, ahirisha. Kama kuna magari yanayosindikizwa na jeshi, ongozana nayo, ila usisahau kwamba msafara nao uliwahi kushambuliwa, mwezi Septemba 2021, kati ya Komanda na Luna. Kusindikizwa hupunguza hatari, hakuiondoi. Panda pikipiki ya motari unayemjua kwa jina na kwa mtaa anaokaa, na mwachie mtu nyumbani namba yake ya simu. Fedha za sherehe zipite kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, ubaki na za nauli tu mfukoni. Mwizi wa barabarani mara nyingi hupata habari kutoka mdomoni mwetu wenyewe, tunapotangaza sokoni kwamba kesho tunalipa mahari au tunauza kakao.

Ukiwa Beni au Butembo na unataka kula nje, chagua mahali kwa kuangalia mlango kabla ya kuangalia orodha ya vyakula. Tarehe 25 Desemba 2021, siku ya Krismasi, mtu aliyejifunga bomu alifika kwenye mkahawa wa In Box mjini Beni, ukiwa umejaa familia. Walinzi walimzuia asiingie ndani, akajilipua pale mlangoni. Watu walikufa, na ingekuwa mbaya mara nyingi zaidi kama angefika katikati ya meza. Tangu siku hiyo mlinzi anayepekua mikoba anastahili heshima ya daktari. Mfungulie mkoba kabla hajakuomba, na mwambie ahsante. Keti mahali unapoona njia ya pili ya kutokea, na usiketi kwenye msongamano wa mlangoni. Mwenye mkahawa anayesema kupekua kunafukuza wateja hajatambua wateja wake wanaogopa nini. Mimi hapo siingii.

Sasa mikono na vikombe. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ikaenea Beni, Butembo, Katwa na kwingineko, na haikutangazwa kuisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Ilikuwa imepata watu 3,470 na kuua 2,287. Ikarudi kwa muda mfupi upande wa Butembo Februari 2021, na Beni Oktoba mwaka huo. Wageni wengi waliandika kwamba watu wetu walikuwa wakaidi. Haikuwa hivyo tu. Mwezi Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo mpaka Machi, kwa kutaja Ebola na usalama, huku makanisa na masoko yakiachwa wazi. Watu wa Beni walipiga kura yao ya kuigiza tarehe 30 Desemba, na kabla ya kupiga walipanga mstari wakanawa mikono. Walikuwa wanaamini maji na sabuni. Waliyemtilia shaka ni aliyekuja na amri. Kutoaminiana huko kulitugharimu sana. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kututibu, aliuawa Butembo akiwa kazini.

Funzo la mezani ni hili: usimwamuru mgeni kunawa. Nawa wewe mwenye nyumba kwanza, mbele ya wote, kisha mtoto asimame kwenye ndoo yenye bomba na sabuni awanawishe watu, akianza na mkubwa kuliko wote. Mzee akishanawa, hakuna kijana atakayekataa. Ndoo ikae pale watu wanapopita kwenda mezani, wala si nyuma ya nyumba. Sabuni ya kawaida na maji yanayotiririka yanatosha. Beseni moja ambalo kila mtu anatumbukiza mkono halisafishi kitu, linagawa uchafu. Watu wakisita kupeana mikono, salimianeni kwa kiwiko kama tulivyozoea wakati ule.

Kibuyu au kikombe cha kuzungushwa mimi nimekiacha, na nakuomba ukiache. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ni kinywaji cha kushirikiana, hilo halibishaniwi, lakini tunaweza kushiriki mtungi bila kushiriki mdomo. Mwenye nyumba ateke kwa kata moja na amimine kwenye kikombe cha kila mtu. Mate na majimaji ya mwili ndiyo njia ya Ebola, na mpox, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, huambukiza kwa kugusana ngozi na kwa vitu alivyotumia mgonjwa. Mgeni mwenye homa, kutapika au vipele asije, na asione aibu kusema. Mpelekee sahani yake mpaka mlangoni, na mhimize aende kituo cha afya leo, si baada ya kujaribu majani kwanza. Aliyegusana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21. Katika siku hizo ndugu wamletee chakula, wasimkwepe, kwa sababu anayekwepwa ndiye anayejificha.

Kwenye vinywaji vyenyewe sina mengi. Kasiksi nzuri hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizokamuliwa na unga wa mtama, na uzuri wake unategemea maji: muulize mpishi wake kama maji aliyaongeza baada ya kuyachemsha. Nunua kwa mama unayemjua, unywe ikiwa bado changa, yenye utamu. Lotoko iangalie kwa hofu. Pombe kali ya kienyeji ikitiwa spiriti isiyo ya kunywa inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Mtu akinywa kisha akasema anaona ukungu, ni hospitali mara moja, hakuna kungoja alale. Divai ya chupa au ya boksi inayoingia kupitia Kasindi haipendi joto la bati. Iweke chini ya kitanda, gizani, na ikishafunguliwa imalizike siku mbili tatu. Nyeupe iliyopozwa kwenye ndoo ya maji baridi inakubaliana vizuri na samaki wa Ziwa Edward aliyekaangwa na kukamuliwa limau; kwa sombe yenye mawese, kasiksi inaishinda divai yoyote niliyowahi kuonja. Na kila mtu aache kunywa akiwa bado anaweza kukimbia. Nasema hivyo kwa maana yake halisi.

Usalama uliobaki uko kwenye mtaa. Mgeni atakayelala kwako, mpeleke kwa mkuu wa nyumba kumi au shefu wa kartie siku hiyohiyo, akiwa na kadi yake ya mpiga kura. Inachukua dakika chache na inaweza kuokoa maisha yake, kwa kuwa hofu yetu imewahi kuwaua wasio na hatia: mtu asiyejulikana anaitwa muuaji, mawe yanaanza kurushwa, na polisi wakifika wanakuta maiti. Ukimtilia mtu shaka, mwite shefu na askari, usiite umati. Uvumi ukija kwenye simu, usiurushe mpaka umempata aliyeona kwa macho au umesikia Radio Okapi au Radio Moto. Majambazi wakivamia nyumba usiku, filimbi na masufuria vipigwe na mtaa mzima, kila mtu akiwa ndani mwake. Kelele za nyumba moja hazifukuzi mtu.

Wewe ambaye una arusi, ubatizo au mwaka wa marehemu miezi hii, kaa na wazee wiki hii mpange upya saa za sherehe, kabla kadi hazijachapishwa. Na wewe ambaye umealikwa usiku, mwendee mwenye sherehe kwa heshima, umwombe aisogeze mchana. Akikataa, mpelekee zawadi yake asubuhi, mle naye hata ndizi za kuchoma, halafu jioni ulale kwako.