SOMO LETU: TAKATAKA ZA JUZI NAZO NI USHAHIDI



Mkisikia neno akiolojia mnafikiria nini? Wengi watasema Fort Jesus, magofu ya Gede, au mifupa ya kale iliyopatikana Turkana. Akiolojia ni elimu ya kusoma maisha ya watu kwa vitu walivyoacha. Je, vitu vya miaka kumi au hamsini iliyopita navyo vinastahili kusomwa? Zamani swali hilo lingetuchekesha. Mtaro ndio uliotufundisha.

YALIYOTUPATA

Hapa Pipeline nyumba za ghorofa zimesongamana, na udongo ni ule mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda. Baada ya mafuriko ya 2024 kikundi chetu kiliamua kuzibua mtaro mmoja. Kabla hatujashika jembe lawama ilikuwa tayari: ati akina mama mboga ndio waliouziba kwa maganda na majani, basi wahamishwe. Baadhi yao ni wanachama wetu. Ile meza ya sukuma wiki ndiyo karo ya watoto.

Siku ya kwanza tulichimba na kutupa tu. Siku ya pili kijana mmoja wa kikundi akasema, "Hebu ngojeni, angalieni ukuta wa hilo shimo." Kumbe udongo ulikuwa umelala kwa matabaka! Juu palikuwa na taka za mboga, chupa za plastiki na matambara. Chini yake kifusi cha mjengo: kokoto, vipande vya mawe na saruji iliyoganda. Chini ya kifusi, mchanga laini, kandambili moja, na sarafu ya shilingi moja iliyoandikwa 2010.

Tusome pamoja. Mchanga laini uliooshwa unaonyesha kwamba maji yalikuwa yakipita. Sarafu ilikuwa chini ya kifusi, kwa hivyo kifusi hakikumwagwa kabla ya 2010. Taka za mboga zilikuwa juu ya kifusi, kwa hivyo zilikuja baadaye, mtaro ukiwa umeshazibwa.

Tuliita mkutano palepale shimoni, kila mtu akaona mwenyewe. Akina mama hawakuhamishwa. Nani alimwaga kifusi? Udongo haukutupa jina, nasi hatukumtaja mtu. Na ile sehemu ya siku ya kwanza tuliipoteza kabisa, maana udongo ukishachanganywa hausomeki tena.

JE, HII NI AKIOLOJIA YA KWELI?

Wengine watasema hapana, hizo ni taka tu. Hata sheria yetu ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu cha kubebeka kuwa cha kale kama kilitengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Sasa, reli ilifika Nairobi 1899. Kwa hesabu hiyo, karibu kila kitu ambacho mji huu umeacha ardhini ni kipya mno! Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu mahali au jengo la umri wowote litangazwe kuwa la ukumbusho. Basi umri si kipimo pekee.

Wengine watauliza: kwani wazee si wako hai? Si tuwaulize? Tuwaulize, tena haraka. Lakini mtu husahau, na mengine huyaficha. Mwaka 1973, mjini Tucson, Marekani, mwalimu wa chuo kikuu William Rathje na wanafunzi wake walianza kupekua takataka za nyumbani na kuzilinganisha na majibu ya watu. Mikebe ya bia ilizidi ile bia watu waliyosema wanakunywa. Hata kwetu, nani hamjui mzee wa "chupa moja tu"?

Na karatasi? Nazo hazitoshi. Serikali ya Uingereza ilikaa na maelfu ya faili za makoloni yake mafichoni, zikiwemo za Kenya, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozifichua 2011. Nyingine zilikuwa zimechomwa zamani. Mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228. Miaka yote hiyo wazee walikuwa wakisema, bila kuaminiwa.

Jirani yetu hapa, uwanja wa ndege wa Embakasi uliofunguliwa 1958 ulijengwa kwa jasho la watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari. Kule Nyeri, majengo ya kambi za Mweru na Aguthi yamebaki ndani ya shule. Yakibomolewa bila hata picha moja, tutakuwa tumechoma faili nyingine sisi wenyewe.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Msichimbe kwa kutafuta vitu. Angalieni pale mnapochimba kwa kazi: choo, msingi, mtaro.

2. Kabla ya kuendelea, chora au piga picha ya ukuta wa shimo. Andika tarehe, mahali na kina.

3. Vitu vya kila tabaka viwekwe peke yake. Kumbukeni: tabaka haliwezi kuwa la kabla ya kitu kipya kabisa kilichomo. Sarafu zenye sura ya Moi zilianza 1980, na zenye wanyama 2018. Majuala yalipigwa marufuku Agosti 2017, lakini hayo ni dokezo tu, kwa kuwa mengine yalibaki.

4. Mpe mzee kitu hicho akishike, kisha umuulize.

5. Mkikuta mifupa ya watu, simameni, mwiteni chifu na polisi. Kitu kinachoonekana cha kale sana, wapasheni Makumbusho ya Taifa.

6. Kamwe msichimbe karibu na bomba la mafuta. Pale Sinai, tarehe 12 Septemba 2011, mafuta yaliyovuja yaliwaka na kuua zaidi ya watu 100.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu kuna jengo, kisima au njia gani ya miaka 50 iliyopita ambayo hakuna aliyeiandika?

2. Ni nani analaumiwa kwenu kwa jambo ambalo udongo ungeweza kulieleza vingine?

3. Mzee gani mtamtembelea wiki hii, na ni nani atakayeshika daftari?