Jina la Kupanga: Wahusika Wenye Utambulisho wa Siri katika Mswada wa Filamu

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kulichunguza jina la mhusika kwa kutumia istilahi ya majazi, yaani jina linalobeba sifa au hatima ya mwenye kuitwa. Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Ken Walibora alimpa mtawala dhalimu jina la Mtemi Nasaba Bora, na kejeli iliyomo ikawa sehemu ya maana ya riwaya yenyewe. Hata hivyo, mbinu hii humsaliti mwandishi pale mhusika anapoficha nafsi yake. Msomaji akikutana na Bi. Fumbo katika ukurasa wa kwanza, hana sababu ya kusubiri ufichuzi.

Mswada wa filamu unaongeza ugumu mwingine. Humo jina la mhusika huishi mahali pawili: ndani ya mazungumzo, na juu ya kila usemi kama kichwa chake. Mtazamaji hulisikia la kwanza tu. La pili husomwa na mwelekezi, waigizaji na wapiga picha, nao ndio wanaoamua kama kazi hiyo itafika kwenye skrini. Kwa hiyo mwandishi hana budi kujiuliza ni nani anayefichwa siri, na ni kwa muda gani.

Tatizo hili lilikuwapo katika tamthilia kabla ya filamu kubuniwa. Katika Twelfth Night ya Shakespeare, Viola anajifanya mwanamume aitwaye Cesario, lakini kichwa cha usemi wake husalia kuwa Viola. Ajabu ni kwamba jina hilo halitamkwi na yeyote jukwaani mpaka sehemu ya tano: msomaji analijua tangu mapema, msikilizaji halijui. Wasomaji wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969, wanaifahamu hali ya jirani na hiyo. Portia anaingia mahakamani kama wakili Balthazar, na jina hilo amelichukua kwa mtumishi wake mwenyewe. Jina la kupanga halitoki hewani. Huazimwa kwa mtu wa karibu.

Anayeandika filamu kuhusu Kisii na Nyamira ana hazina kubwa ya majina yanayoficha bila mwenyewe kukusudia hila. Mji wa Kisii wenyewe huitwa pia Getembe na Bosongo. Mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto, Ng'ina Makori kwa mfano, hata majirani wakapitisha miaka bila kulitamka jina lake la kuzaliwa. Nabii Moraa hutajwa kama Moraa moka Ngiti, yaani mke wa Ngiti. Mhusika mkimbizi akiitwa kwa jina la mwanawe, hakuna mtazamaji wa Gusii atakayeshuku lolote, kwa sababu ndivyo watu wanavyoitana. Hila iliyo bora ni ile inayofuata desturi.

Historia ya mwaka 1908 inatoa funzo jingine. Mwaka huo Otenyo, akichochewa na Moraa, alimchoma mkuki Mwingereza G. A. S. Northcote, afisa mtawala wa Kisii. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii walimwita Nyarigoti. Mwandishi wa filamu kuhusu tukio hilo ataandika jina gani juu ya usemi wake? Akiandika NORTHCOTE, mswada unaona kwa macho ya ofisi ya serikali. Akiandika NYARIGOTI, unaona kwa macho ya waliotawaliwa. Mtu ni yuleyule, wala hakujificha, lakini kichwa cha usemi kimekwisha kuchagua upande.

Kuna mahali ambapo suala hili si la sanaa pekee. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizuka mpakani mwa Borabu na Sotik, kati ya Abagusii na Wakipsigis. Katika sehemu mbalimbali za Kenya wakati huo, vijana walifunga barabara na kudai vitambulisho, na jina likawa hukumu. Na tuchukue mfano wa kubuni: msichana Nyanchera wa Borabu, ambaye jina lake latokana na njia, enchera, anakwama upande wa Sotik na kulazimika kujiita kwa jina la Kikipsigis. Je, mwandishi amwite Chebet au Chelangat?

Hapa fonolojia inaingia katika usukaji wa hadithi. Ekegusii haina sauti za asili /l/ na /p/. Chebet ni jina ambalo ulimi wa Nyanchera utalimudu bila shida kubwa. Chelangat lina mtego ndani yake, kwani likiponyoka likawa Cherangat, siri imefichuka kabla ya kitambulisho kuulizwa. Mwandishi anayetaka mhusika wake apite salama atachagua la kwanza. Anayetaka taharuki atachagua la pili, kisha amlazimishe binti huyo kulitamka mbele ya kizuizi.

Kuhusu kichwa cha usemi, tofauti muhimu ni hii. Ikiwa mtazamaji anauona uso uleule tangu mwanzo na anajua kwamba binti anajificha, kichwa kibakie NYANCHERA hadi mwisho, kama Shakespeare alivyofanya. Kubadilisha majina kutawachanganya waigizaji bila faida. Lakini ikiwa siri yenyewe ni kwamba Chelangat wa sokoni na Nyanchera anayetafutwa na nduguze ni mtu mmoja, mswada utumie CHELANGAT mpaka onyesho la ufichuzi. Katika onyesho hilo kichwa kiandikwe mara moja CHELANGAT/NYANCHERA, na kuanzia hapo NYANCHERA peke yake. Waandishi wengi chipukizi hupuuza hatua hiyo ya katikati, na msomaji wa mswada hudhani kwamba mhusika mpya ameingia. Orodha ya wahusika iliyo mwanzoni nayo isisahauliwe: haifai kuficha siri kwa kurasa sitini ilhali orodha imeitangaza katika mstari wa tatu.